Picha Thelathini na Moja kwa Sekunde

Sisi tuliokulia Kanyenye enzi zile kompyuta zina mgongo mkubwa kama debe, Jumamosi yetu ilikuwa moja tu: duka la fotokopi la Mjomba Rajabu. Unafagia uwanja, unachota maji, unameza kiazi kitamu cha jana na chai ya rangi, kisha mbio. Ukisahau "Shikamoo mjomba" mlangoni, ulirudishwa barabarani uingie upya.

Ndani mlinukia wino na karatasi za moto, na kompyuta yake ilikuwa na gemu ya mpira. Jumamosi moja akaweka gemu mpya, balaa likaanza. Mchezaji yuko hapa, mara yuko kule. Mpira unarukaruka kama chura. Pembeni mwa skrini palikuwa na namba ndogo, kumi na moja. Tulidhani ni joto la mashine. Maganga, bingwa wa mtaa, akatangaza kwamba kompyuta imekufa.

"Basi keshokutwa naiuza spea," mjomba akasema. "Mtacheza rede uwanjani."

Nilirudi nyumbani nikipiga mawe teke.

Jumapili nikajiliwaza na daftari. Nilikuwa nimechora mtu anayekimbia kwenye pembe za kurasa, kila ukurasa hatua moja. Ukizifyatua kwa dole gumba, anakimbia kweli. Mama alinigombeza kila siku: "Daftari la kusomea hilo, Nyamizi, si la vikatuni!" Sasa kurasa kadhaa zilikuwa zimechanika na kupotea, na mtu wangu akawa anarukaruka, vilevile kama wachezaji wa mjomba. Nikasimama ghafla. Kumbe hata kwenye kompyuta hakuna kinachotembea! Ni picha zilizotulia zinazopishana haraka, na ile namba ilihesabu picha za kila sekunde. Mashine ilichelewa kuzichora kwa sababu ilibebeshwa mengi.

Jumatatu, kabla ya shule, nilikuwa mlangoni.

"Mjomba, si mbovu. Imeelemewa. Nipe dakika tano."

Maganga, aliyekuja kuiaga, akacheka. Nikafungua mipangilio, nikaondoa vivuli, nikaondoa watazamaji, nikabakiza nyasi za kijani kitupu. Namba ikapanda: kumi na tisa, ishirini na nne, thelathini na moja! Mshambuliaji akateleza laini kama asali ya Ipole. Maganga akashika upande wa pili, nikamfunga mawili.

"Haiuzwi!" mjomba akapaza sauti. "Na fundi wake ni Nyamizi!"

Tulichelewa shule, tukafyekeshwa majani, na mimi nilifyeka huku naimba.

Siku hizi mpwa wangu ana simu ya picha mia moja na ishirini kwa sekunde, na bado analalamika inakwama. Anacheza peke yake chumbani, kavaa visikizio. Picha zake ni laini kuliko zetu, sikatai. Ila akifunga goli, nyumba nzima iko kimya. Letu lilisikika hadi sokoni.