Nilivyojaza Taxi Kwenye Township ya Wamarekani

Jamani, aibu niliyoipata mwaka wangu wa pili chuoni Durban hata mama yangu kule Tanga sijamsimulia, lakini kwa kuwa Mama Furaha (yule Mkongo niliyepanga naye chumba Glenwood, msusi, mdomo wake hauna breki) ameshaanza kuwadokezea, bora mnisikie mimi mwenyewe.

Nilikuwa nasomea mambo ya serikali za mitaa. Profesa akampa kila mwanafunzi sehemu moja ya dunia, aisome, halafu aje kutueleza imekaaje na nani anaiendesha. Mimi nikapewa township moja ya mashambani Marekani, pamoja na bahasha nene ya makaratasi. Nikacheka moyoni. Township? Mimi ninayekwenda Umlazi, township ya watu weusi nje kidogo ya Durban, kila Jumapili kula kwa rafiki yangu? Bahasha nikaisukuma chini ya kitanda, sikuifungua, nikachora ramani kubwa ya rangi kutoka kichwani: nyumba zimebanana, stendi ya taxi (ndizo daladala za kule), robot, yaani taa za barabarani, kila njia panda, na meya nikampa jengo la ghorofa nne. Ilipendeza mno hata nikamwalika Mama Furaha na wenzake wawili wa saluni waje kunishuhudia.

Siku yenyewe nikazungumza kama mbunge. Nikasema wakazi hupanda taxi alfajiri kwenda kazini mjini, nikaona watu wanatazamana, nikadhani wananistaajabia, basi nikazidi kutia chumvi, mpaka mkono ukanyooshwa huko nyuma. Alikuwa mama wa Kizungu, kichwa mvi tupu, amevaa buti za shambani.

"Samahani, binti. Hizo taxi zinapita barabara gani? Mimi ndiye karani wa township hiyo. Kwetu taxi hakuna. Hata robot hatuna."

(Alikuja kumtembelea mwanawe Durban, Profesa akamwalika. Barua iliyoeleza hayo ilikuwa karatasi ya kwanza kabisa ndani ya bahasha.)

Hapo mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikajibu, "Labda zimeanza baada ya mama kusafiri."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mama Furaha, ambaye Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga, akaita kwa sauti, "Zaina, iko nini? Mbona banakucheka?"

Machozi yalikuwa yananilenga. Yule mama akainuka, akaja mbele taratibu, akaigeuza ramani yangu upande mweupe na kuchora mraba. "Kwetu township ni kipande cha mashamba tu: maili sita huku, maili sita huku," akasema. Barabara zimenyooka kama zimepigwa rula, kijito kimoja kinakatiza kinavyotaka chenyewe, mashamba, makaburi, basi.

"Na meya?" Profesa akauliza, jicho kwangu.

"Hatuna. Wajumbe watatu, wote wakulima, na mimi karani. Ofisi yangu ni meza ya jikoni."

Akatueleza kwamba mara moja kwa mwaka wakazi hukutana kwenye ukumbi wao wa mbao, kila mtu anasema lake, halafu wananyoosha mikono. Mwaka mmoja walibishana kutwa nzima juu ya kidaraja kinachokwenda kwenye nyumba ya mjane mmoja tu. "Tukakijenga," akasema. "Ni mtu mmoja, lakini ni mtu wetu."

Mimi niliyekuwa nimempa meya ghorofa nne nilisimama namtazama yule mama na buti zake, nikasahau hata kuona haya, maana sijapata kumsikia mtu akizungumzia kidaraja kwa upendo namna ile. Akanipa kalamu. "Haya, andika majina ya barabara, nakutajia."

Profesa alinipa wiki moja nirudie. Niliyasoma makaratasi yote, mara mbili, na nikapita, japo kwa chupuchupu. Mama Furaha mpaka leo ananiita Meya mbele za watu, na mimi naitika tu.

Ila nimekoma. Siku hizi ukinitajia neno, hata liwe la kila siku, sijibu kabla sijakuuliza: la wapi hilo?