Bei ya Barua ya Kwenda Karibu

Jamani, nimemng'ang'ania mume wangu mpya na siyo kwa mahaba tu!

Leo tumefungua kazi yetu ya kuwaandikia watu barua.
Bei ni kwa umbali: Kingolwira senti ishirini, Dar es Salaam hamsini, Burma shilingi nzima.

Rangi ya ubao wetu wa bei haijakauka, akaingia bibi kutoka Mlali.

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba. Niandikieni barua ya kwenda kwa mwanangu aliyefia vitani Burma."

Mteja wa kwanza harudishwi, mnajua.
Mpenzi wangu (ana upole huyu!) akamwuliza, "Basi bei tuweke ngapi?"

"Senti kumi. Yuko karibu kuliko Kingolwira."

Nikaandika. Nikauliza anwani.

"Iache hapo mezani, ataifuata mwenyewe jioni."

Jua linazama. Wenzangu, tufunge mlango?