Mvi za Kifungua Mimba

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina lilimkaa. Ukimpelekea shati lililokunjamana, alikurudishia la bwana harusi, pamoja na karipio la bure juu ya unavyokaa ovyo.

Asubuhi ile alikuwa kwenye kola wakati mpelelezi alipopiga hodi. Alikuwa binti mwenye adabu, mteja wake wa siku nyingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sare ziko wapi?"

"Leo nimekuja kikazi."

Mama Pasi aliisimamisha pasi, akaketi. Alijua ni kazi gani. Mwanawe wa pili alimpiga mtu ngumi kwenye ugomvi, mtu akaanguka vibaya, akafa. Kijana alitoroka siku ile ile, na miaka yote hiyo hakuleta hata salamu. Watu walisema siku za mwizi ni arobaini. Za huyu zilipita na nyingine zikaja, asionekane.

"Tuna mashine ya akili bandia," alisema mpelelezi. "Unaipa picha ya zamani, inakisia sura ya mtu ilivyo sasa, halafu inamtafuta kwenye kamera za stendi na mipakani. Imemtafuta mwanao mpaka basi, haijampata. Hebu angalia kama imekosea."

Mama Pasi alifuta mikono kwenye gauni, akaichukua picha. Ilikuwa ya mwanamume mtu mzima, mashavu yameshuka, mvi zimeanzia pembeni. Mashine haikukosea. Aliyekosea ni yeye.

Polisi walipokuja mara ya kwanza, ofisa mmoja aliinyooshea kidole picha pekee iliyokuwa ukutani, akauliza, "Ndiye huyu?" Naye akaitikia kwa kichwa. Hakusema uongo kwa mdomo, alijitetea, kana kwamba kichwa kilikuwa cha jirani. Yule wa ukutani alikuwa kifungua mimba wake, aliyekufa kwa homa akiwa kijana, kabla hawajahamia mtaa huu. Huyu hawamfikii tena, aliwaza, basi na amfunike mdogo wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Kumbe angefanana na baba yake hivi," alisema, akizigusa zile mvi kwa ncha ya kidole. Mara ngapi alijaribu kumwona akilini akiwa mtu mzima, akashindwa. Alilia bila kujificha, na mpelelezi akamshika bega.

"Ndiye, mama?"

"Ni mwanangu. Ila huyu nilimzika."

Akamweleza yote. Mpelelezi alijikuta amekalia kapu la nguo safi, na kwa mara ya kwanza hakukaripiwa.

"Mashine yenu ina bidii," alisema Mama Pasi, akipangusa macho. "Mimi namjua yuko kaburini, nayo inamtafuta stendi."

Mpelelezi alitabasamu kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Na picha ya mdogo wake, unayo?"

Hapo palikuwa pagumu. Akisema hapana, mwanawe hatapatikana kamwe. Lakini alikwisha kumficha vizuri mno, hata yeye mwenyewe hakujua kama yu hai. Alimkumbuka na yule mama mwingine, wa aliyeuawa, aliyekuwa akingoja kusikia neno moja tu kutoka kwa aliyempokonya mwana.

Akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa shati la kijana. Lilikuwa limenyooka, kwa kuwa alilipiga pasi kila alipomkumbuka. Ndani ya mikunjo yake ilikuwamo picha.

"Huyu ndiye. Mzeesheni kwenye mashine yenu mpendavyo, ila msinionyeshe. Huyu nataka nimwone mwenyewe alivyozeeka."

Kisha akamwekea na shati juu ya mikono.

"Na hili mkimpata mpeni. Mwanangu hatasimama mahakamani na nguo iliyokunjamana."