Sauti ya Lascelles Kwenye Masanduku ya Hopeton

Mdogo wangu Lascelles Swaby tulimzika Ijumaa ya mvua hapa Handsworth, Machi 1991, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Siku za kazi alikuwa kiwandani anayeyusha chuma. Jumamosi alishika kipaza sauti cha Hopeton Brissett, mwenye muziki na maspika makubwa kuliko wote mtaani, akaghani juu ya mdundo wa rege mpaka vioo vya ukumbi vikatetemeka. Watu walipanda basi kutoka Wolverhampton kuja kumsikia. Kisha saratani ikamkaa kooni. Madaktari wakampasua, akaishi miaka saba zaidi, ananong'ona tu.

Binti yake Janine alikuwa na miaka minne wakati ule. Siku tatu kabla ya maziko nilikuwa nakanda unga wa wageni wa matanga, akaniuliza, "Shangazi, baba alikuwa na sauti gani?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

Nikanawa mikono, nikaazima redio kaseti ya jirani, tukaenda kwa Hopeton.

Kanda za dansi zake hazikuwepo. Ukikutwa unarekodi ukumbini, Hopeton anaikanyaga redio yako kwa kiatu, maana wimbo ulikuwa silaha yake dhidi ya wenye muziki wengine. Alimpeleka Lascelles kwa fundi London, wakamrekodi, wakakata santuri moja tu, ile laini inayoliwa na sindano kila ikipigwa. Lebo akaikwangua kwa kisu, washindani wasichungulie wakajua ni nani anaimba.

"Iko wapi?" nikamuuliza.

"Imo humo." Akaonyesha masanduku. Santuri mia mbili, zote vipara.

"Ipi?"

"Zamani nilikuwa naijua kwa kuishika tu, dada Verona. Sasa vidole vimezeeka."

"Na akili je?"

"Usinitukane, na mimi nimefiwa."

"Hospitali hatukukuona hata siku moja. Anza kupiga, mzee."

Tulianza saa tatu asubuhi. Anagusisha sindano, tunasikia mtu mwingine, anainua. Nyingine. Anainua. Janine ameketi sakafuni, kidole juu ya kitufe cha kurekodi. Saa nane mchana Hopeton akasita. "Hii hapa."

Janine akabonyeza. Kilichotoka ni mchakacho, kama samaki anakaangwa. Besi ipo. Nyuma yake mtu anaongea kama amefungiwa kabatini.

"Umeipiga mara ngapi hii?"

"Kila Jumamosi, miaka sita. Watu walikuwa wanaidai, dada."

Neno moja tu lilisikika sawasawa. Santuri za namna hii hukatwa kumsifu mwenye maspika, na hapo ndipo mdogo wangu alipotia nguvu zake zote: "Brissett!"

Mwenye jina akafuta machozi. Mimi nilitamani kumpasulia santuri ile kichwani.

"Ndiye baba?" Janine akauliza.

"Ndiye."

Akarudisha kanda. Akasikiliza, akarudisha tena, sikio limegusa spika. Nikadhani analitafuta lile neno.

"Siyo hilo, shangazi. Kabla yake. Hapa anavuta pumzi." Akabonyeza. "Umesikia?"

Sikusikia kitu. Nikamwambia nimesikia.