Spika za Nyuma na Sauti ya Baba Mkwe

Panya ndio walioanza, lakini makosa makubwa ni yangu.

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani wa ghala la mazao mjini Mpanda, na nilikuwa na gari dogo jeupe la mtumba. Lilikuwa na redio ya kaseti, na spika zilizokuwa hai ni mbili tu, zile za nyuma, zilizofungwa kwenye ubao chini ya kioo. Za milangoni zilikuwa zimekufa kabla sijalinunua. Mchele wa nyumbani nilikuwa naubeba kwenye buti, na hakuna gunia lisilomwaga punje. Panya wakafuata punje. Punje zilipokwisha wakala karatasi za spika. Siku nilipofungua ubao ule nilikuta vyuma viwili vyenye sumaku, mavi ya panya na kiota cha nyuzi za kiti.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwetu halikuwa dogo, kwa sababu mke wangu alikuwa na kanda moja, na kanda hiyo aliisikiliza ndani ya gari tu. Redio ya nyumbani ilikuwa imekwisha kutafuna kanda mbili za kwaya, na aliapa hii haitaingia kinywani mwake.

Kwenye kanda hiyo alikuwa anaongea baba yake.

Mke wangu ni mtu wa Mpimbwe, binti wa mkulima wa mpunga aliyekuwa Mkatoliki wa kupiga magoti kila jioni. Mimi ni Msukuma. Ndugu zangu walikuja huku na ng'ombe, na mwaka mmoja ng'ombe hao waliingia kwenye mpunga wa mzee na kuumaliza. Mwaka uliofuata mimi nikamposa binti yake. Hakuja kwenye harusi. Miaka kumi na moja hakukanyaga kwetu, wala sisi hatukukaribishwa kwake. Kisha, wakati wa masika, barabara ikiwa imekatika, mpwa wake mmoja alipita kwa miguu na kwa lori mpaka Mpanda akatuletea kanda. Mzee anaumwa, alisema, hajui kuandika, basi ameongea kwenye redio ya jirani. Tulipofika Mpimbwe barabara ilipokauka, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Maneno yenyewe yalikuwa machache. "Mwanangu, mimi baba yako. Kile kinyongo nimekitua. Njoo nyumbani, usije kama mgeni. Na huyo mumeo wa ng'ombe, mje naye, ale wali aone kama una ladha kuliko nyasi." Hapo katikati ya neno "nyasi" alikohoa, akacheka, kanda ikakata. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya jaruba la mpunga. Ilikuwa inatikisa kioo cha nyuma.

Kaka yake mke wangu, mkubwa wa ile familia, hakuamini, na kanda tulikuwa tumeiacha Mpanda. Wakati wa msiba alimwambia dada yake mbele ya watu, "Baba hakunieleza kitu kama hicho. Kwenye kumaliza matanga utakuja, tutakupa kiti, utakula, utaondoka." Kumpa kiti binti wa nyumba maana yake ni kumwambia si wa nyumba. Mabinti hawakai kwenye viti. Wako jikoni, wanapepeta, wanagombana na sufuria. Kwa hiyo mke wangu alikuwa anangoja siku moja tu, siku ya kumaliza matanga, aichukue ile kanda kaka yake aisikie kwa masikio yake.

Zilibaki wiki tatu hivi spika zilipokufa.

Nilikwenda mtaa wa Kawajense kwa fundi redio mmoja, mtu wa Kigoma, mwembamba, mwenye maneno. Alikuwa na spika mbili alizozing'oa kwenye gari lililopinduka. Akasema nilete gari anifungie. Nikamwambia, "Spika tu hizi, nitafunga mwenyewe." Akaniangalia, akapokea hela yake.

Jumamosi nikazifunga. Nilitoa kanda kwenye redio ili nijaribu kwanza kwa stesheni, na kwa kuwa jua lilikuwa kali nikatafuta mahali pa kivuli pa kuiweka. Nikaiweka kwenye kiti cha nyuma, juu ya spika iliyokuwa imelala hapo ikingoja zamu yake. Nikafunga ile ya kwanza, nikaenda kula, nikarudi, nikaiondoa kanda na kufunga ya pili. Waya zilikuwa mbili kila upande. Nikaunganisha, sauti ikatoka, nikafurahi. Nikamwita mke wangu aje amsikie baba yake.

Alikaa kiti cha nyuma kama kawaida yake, akakunja mikono. Kanda ikaanza.

"Baba watoto," akasema, "mbona anaongea kama yuko ndani ya debe?"

Na kweli. Maneno yalikuwepo yote, lakini uzito ulikuwa umekwenda. Ilikuwa sauti nyembamba, haina kifua, huwezi hata kusema inatokea wapi. Angeweza kuwa mtu yeyote.

"Huyu si yeye," akasema.

Hapo ndipo elimu yangu ya kidato cha nne iliponijia. Niliiona spika kwenye kiti na kanda juu yake. Nilimkumbuka mwalimu wa fizikia akituambia kwamba sumaku hufuta kanda. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba nimemfuta baba mkwe kwa mkono wangu, kwa sababu ya kuikinga kanda na jua.

Na nikasema nini? Nikasema, "Jumapili uliiacha juu ya dashibodi. Jua la huku unalijua."

"Niliiacha?"

"Uliiacha."

Alifikiri kidogo. Hakuwa ameiacha, lakini mimi nilisema kwa uhakika, na yeye hakuwa na uhakika. "Basi ni mimi mwenyewe," akasema. Akatoa kanda, akaifunga kwenye kipande cha kitenge, akaingia nayo ndani.

Nimeishi miaka mingi na nimesema uongo mwingine, lakini huo ndio ninaoukumbuka kwa sura ya mahali: mlango wa gari wazi, bisibisi mkononi mwangu, na yeye akienda zake mgongo ukiwa umeinama kuliko alivyokuja.

Ningeweza kuijaribu kanda kwenye redio ya jirani nikajua ukweli siku hiyohiyo. Sikuijaribu. Niliona kwamba nisipojua kwa hakika, hatia itakuwa pungufu. Ndivyo nilivyokuwa.

Siku zikapita, kama kumi. Asubuhi moja nilikuwa nanawa uso nyuma ya nyumba nikamsikia anaongea peke yake huku anapepeta mchele. Nikasogea dirishani. Alikuwa anasema maneno ya baba yake, moja baada ya jingine, kwa kujilazimisha sauti iwe nzito. "Kile kinyongo nimekitua. Njoo nyumbani." Alipofika kwenye nyasi akakohoa, kikohozi cha kuigiza. Akatikisa kichwa, akaanza upya. Alikuwa anajizoeza ili akamweleze kaka yake kwa mdomo.

Sikunywa chai. Nilichukua kanda kwenye sanduku lake bila kumwambia, nikaenda Kawajense.

Fundi aliingia kwenye gari akasikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia nataka aiongezee uzito, kwa namna yoyote anayoijua.

"Imepatwa na nini?"

Nikaanza kusema jua. Kisha nikaona aibu kumdanganya hata mtu nisiyemwogopa. Nikamweleza kuhusu kiti na ile spika na sumaku. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema.

Hakunionea huruma. Alicheka. "Mzee, sumaku ikila kanda inakula vipande. Sauti inakuja, inakwenda, inakuja. Huyu babu amepungua sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho. Hajaliwa na kitu." Akaweka kidole kwenye kitufe cha redio kinachohamisha sauti kulia na kushoto, akakizungusha chote kushoto. Spika ya kulia ikanyamaza.

Na baba mkwe akaongea. Kwa spika moja tu, lakini yeye mzima, na kifua chake. "Mwanangu, mimi baba yako." Kioo cha nyuma kikatikisika.

Nilishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Nani alikufungia hizi?" fundi akauliza.

"Mimi."

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Ndiyo maana. Asiyesoma angeniletea mimi." Alikwisha kutoka na kuingiza kichwa kwenye buti. "Spika ina plasi na mainasi. Moja umeifunga sawa, nyingine umeigeuza. Hii ikisukuma, ile inavuta. Nyie Wasukuma si mnalima kwa plau? Funga ng'ombe mmoja aelekee mbele na mwenzake aelekee nyuma, uone kama jembe litakwenda."

Alifungua waya mbili, akazibadilisha nafasi, akazikaza. Haikuchukua muda wa kumaliza sigara. Nikarudisha kitufe katikati. Mzee sasa alitokea pande zote mbili kwa pamoja, akakohoa palepale kwenye nyasi, akacheka. Nami nilicheka, mpaka fundi akaniuliza kama niko sawa.

Njiani kurudi nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Nikafikiria nimwambie tu mke wangu kwamba fundi ametengeneza, yaishe. Nakiri kwamba nililifikiria hilo mpaka karibu na nyumbani. Kilichonizuia ni kile kikohozi chake cha kuigiza.

Nilimkuta bado na ungo. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Kwa hiyo jua halikufanya kitu," akasema.

"Halikufanya."

"Na mimi sikuiacha kwenye dashibodi."

"Hukuiacha."

"Na ulidhani ni wewe, ukanitwisha mimi."

"Ndiyo."

Aliendelea kupepeta. Kisha akaweka ungo chini. "Washa hilo gari."

Akakaa nyuma, katikati kabisa, kichwa karibu na kioo. Akasikiliza mara tatu. Nilikuwa namwona kwenye kioo cha dereva, akilia huku anatabasamu, bila kujifuta. Kanda ilipokata mara ya tatu akasema, "Baba nimemsikia. Wewe bado. Utayasema haya Mpimbwe, mbele ya kaka, kabla kanda haijapigwa."

"Mbele ya shemeji?"

"Mbele ya shemeji yako. Na wanawe wakiwepo."

Tulikwenda. Ndani ya hifadhi ya wanyama iliyo njiani tulifunga vioo vyote kwa ajili ya mbung'o, tukaiva kwa joto. Mimi nilikuwa napanga maneno.

Shemeji alitupokea uani, na kweli viti viwili vilikuwa vimewekwa. Sikukaa. Nilimweleza jinsi nilivyofunga spika, nilivyoogopa, na nilivyomsingizia dada yake. Kumwambia shemeji yako kwamba umedanganya ndani ya nyumba yako ni kuvua shati mbele ya watu. Nilipomaliza wanawe walikuwa wanaangalia chini wakizuia kicheko.

"Sasa mtu anayemdanganya mkewe," shemeji akasema, "kanda yake niiamini vipi?"

"Usiniamini mimi," nikasema. "Ingia ukae nyuma."

Akaingia. Nikamwashia, nikatoka, nikafunga mlango. Mke wangu alisimama mbali kidogo, ameshika pindo la kitenge. Kutoka nje maneno hayakusikika vizuri, ila ule mtikisiko wa kioo tuliuona. Kanda ilikata. Tukamwona ananyoosha mkono mbele anairudisha. Ikapiga tena.

Alipotoka hakuniangalia. Alimwambia dada yake, "Ni baba. Hata kufa hakujamwachisha kutukana wafugaji." Kisha, kwa sauti ya kawaida ya kaka mkubwa aliyechoka, akasema, "Unasimama hapo kama bwana shamba, wenzako jikoni wamezidiwa. Nenda."

Alikwenda akikimbia. Muda si mrefu nikasikia sauti yake kule jikoni, anagombana na mtu kuhusu chumvi. Mtoto mmoja akaja kuondoa kile kiti chake.

Changu kilibaki. Nilikaa, nikaletewa wali, nikala wote. Nimefurahi siku nyingi maishani, lakini sikumbuki siku niliyopumua vile. Juto langu ni moja, na bado ninalo: nilikiri nilipokwisha kuokoka. Kama ile kanda ingekuwa imefutika kweli, sijui kama mke wangu angeujua ukweli mpaka leo.