Tope Jekundu la Lambo la Misima

Mmenichosha. Kila siku "Bibi, andika habari za Hajira", kana kwamba mkono huu wa jembe ni mkono wa karani. Haya, nimeandika. Herufi zikipinda, zinyosheni wenyewe.

Hajira binti Mbaruku, mtu wa Misima, alikuwa mkaidi kushinda punda. Lambo la kijiji lilichimbwa na baba yake na wenzake, naye, msichana bado, akitoa udongo kwa karai kichwani. Kwa hiyo lambo lilipoanza kukauka mapema, kila mwaka mapema zaidi, alijua mchawi wake: ng'ombe wa Zaidi, mfugaji wa ng'ambo ya lambo. Wanakanyaga kingo, wanaporomosha udongo! Akamshitaki kijijini afukuzwe majini, na mkutano ukapangwa Alhamisi.

Jumanne akaja Shamimu, binti wa mdogo wake, anayefundisha Jiografia Korogwe. Wakakaa wanapukuchua mahindi.

"Hao watoto unawafundisha nini hasa?"

"Maziwa ya milima ya baridi, mama mkubwa. Barafu inateremka bondeni polepole, inakwangua mwamba, mawe inayasukuma mbele yakawa tuta. Ikiyeyuka, maji yanabaki nyuma ya tuta."

"Barafu? Hii ya kupozea soda ichimbe jiwe? Usinichezee mimi!"

"Hiyohiyo, ila nene kama mlima. Inachimba miaka maelfu."

Hajira aliacha kupukuchua. "Basi ziwa kama hilo halifi."

"Linakufa. Mto unaoliletea maji ndio unaolishushia udongo. Pale unapoingilia panajaa, panakuwa nchi kavu, watu wanalima."

"Toba! Anayelinywesha ndiye anayelizika?"

"Ndiye. Ukichimba chini unaona matabaka, na rangi inakwambia udongo umetoka wapi."

Usingizi ulimkataa Hajira. Kulipokucha akachukua jembe na lile karai la zamani, akaenda lamboni, pale korongo linapoingilia. Akachimba. Tope jekundu. Akachimba mpaka kiwiko. Jekundu tupu! Na upande wa Zaidi ni mbuga, udongo mweusi tii. Akainua macho kufuata korongo, likayapeleka mpaka kilimani, kwenye shamba lake mwenyewe, udongo mwekundu uleule, matuta yanateremka na mlima kama mifereji ya maji, na ile miti ya ukingoni aliyoikata apate mistari minne ya mahindi.

 Akakaa topeni.

Zaidi alimkuta hapo. "Shikamoo, bibi. Umeanguka?"

"Marahaba. Pita na ng'ombe wako, wanywe."

Zaidi akawapigia ng'ombe mluzi, wakashuka majini.

Alhamisi, mbele ya watu wote aliowaita mwenyewe, Hajira alimwaga karai la tope mezani kwa mwenyekiti. "Mnatafuta aliyeua lambo la baba yangu? Ni mimi." 

Sasa anageuza matuta yakate mteremko, peke yake, mgongo umepinda. Na wewe uliyekaa unasoma, inuka. Kachimbe kando ya maji unayokunywa, utazame rangi. Kisha uje Misima, na jembe uje nalo, la kwake halitoshi.