Baiskeli ya Shemeji

Walimwita Mama Makochi, na jina lilimstahili, maana mtaa mzima ulikaa juu ya kazi ya mikono yake. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: meza ya kukatia, cherehani ya vitambaa vizito, sponji zilizopangwa hadi darini, na vumbi la mbao lililomfuata mpaka kitandani. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miraba minne, kama wasemavyo watu wanaoogopa kusema mnene.

Katika kazi yake uzito ni jambo kubwa. Kochi la mtu mzito linataka mbao nene, mikanda ya chini iliyofumwa karibu karibu, na sponji ngumu. Lakini ni nani mwenye uso mkavu wa kumuuliza mteja kilo zake? Mama Makochi alikuwa na njia yake. Alipima kitambaa, akapima chumba kwa hatua, kisha akauliza kama mtu asiye na haraka: "Na wageni wako je, ni watu wakubwa wakubwa?" Mteja alishusha pumzi. "Eeh, nina mjomba wangu mmoja, mwili anao." Basi kochi lilitengenezwa kwa ajili ya mjomba, mjomba hakuonekana hata siku moja, na mteja akalikalia mpaka nywele zikaota mvi. Mama Makochi alijivunia sana ustaarabu huo.

Alikuwa na binti mmoja tu, kifungua mimba na kitinda mimba kwa wakati mmoja. Mwisho wa mwezi binti angeondoka kwenda chuoni, mji wa mbali. Kila jioni alipanda baiskeli yake kwenda kuzunguka bwawa la maji, na kila jioni alisimama mlangoni kwanza.

"Mama, twende wote. Hata siku moja tu kabla sijaondoka."

"Magoti yangu, mwanangu."

Kesho yake ilikuwa mteja, keshokutwa wingu la mvua. Sababu za asiyetaka kwenda haziishi.

Ukweli ni kwamba kupanda alijua, na alikuwa amependa kupanda kuliko kula. Binti alipokuwa mdogo alimpakia nyuma kila asubuhi kumpeleka shule ya watoto. Mpaka asubuhi moja, walipopita kwenye kijiwe cha vijana, mmoja akapaza sauti: "Jamani, sikieni! Baiskeli inalia!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama akakaza mwendo, uso unamwaka. Mbele kidogo mtoto akamvuta blauzi. "Mama, nishushe. Nitatembea."

Alimshusha. Wakatembea hadi shuleni, na baiskeli ikauzwa wiki hiyo hiyo. Hakumwambia mtu, lakini moyoni alijua alichokijua: mwanawe mwenyewe alimwonea haya. Vijana aliwasamehe siku nyingi zilizopita. Hilo la mtoto lilikataa kupoa.

Sasa mwezi unakwisha, naye akaona akikaa kimya mtoto ataondoka na jambo litabaki hivyo milele. Akafunga karakana, akaenda kwa fundi baiskeli nyuma ya soko. Huyu naye kwa mwili hakuwa haba. Tumbo lilimtangulia kila aendako, na pembeni mwa banda aliegesha baiskeli yake nyeusi, ya kizamani.

"Karibu, fundi mwenzangu. Tunatafuta baiskeli ya nani leo?"

Hapo ulimi ukamponyoka. "Ya shemeji yangu."

"Shemeji ana mwili wa namna gani?"

"Mwili anao kidogo. Kama kilo themanini na kitu."

Kinyozi hajinyoi. Fundi alimtazama, akakohoa, akatazama pembeni. Kulikuwa na baiskeli nyekundu, nyepesi, matairi membamba, inang'aa kama imepakwa mafuta, na macho ya mama yalikuwa hayabanduki hapo.

"Kwa themanini hii itafaa," fundi akasema taratibu. "Ila shemeji akizidi, magurudumu haya hayatamvumilia."

"Hazidi," akajibu Mama Makochi.

Alfajiri yake akaenda nayo peke yake nyuma ya kiwanda cha mbao. Mwili haukuwa umesahau kitu. Upepo ukamwingia shingoni, akajikuta anacheka peke yake. Furaha hiyo ilidumu mpaka kwenye mtaro. Gurudumu la nyuma likadumbukia, spoki zikakatika ta-ta-ta, na Mama Makochi akajikuta chini, anatazama mawingu.

Alirudi kwa fundi akiikokota.

"Shemeji ameivunja."

"Lo, pole yake. Hakuumia?"

"Kachubuka goti tu."

Macho yao yakashuka kwa pamoja hadi kwenye goti la Mama Makochi, ambalo lilikuwa limefungwa kitambaa cheupe. Fundi akalitazama goti, kisha akatazama paa la banda.

"Mwambie shemeji apake dawa."

Bega la fundi likaanza kutikisika. "Dada, nisamehe. Shemeji yako namjua. Juzi tu alikuja kujaza upepo. Yule hata apakie mkewe na kabati la nguo, spoki haikatiki!"

Mama Makochi akaangua kicheko mpaka akatafuta kiti. Machozi yalimtoka, na si yote yaliyokuwa ya kicheko.

"Sasa kama ulijua, mbona uliniuzia?"

"Ningekuambiaje? Uliponitengenezea kochi uliniuliza habari za wageni wangu. Mimi wageni sina, dada, naishi peke yangu. Nikakutajia mjomba. Nikajua huo ndio ustaarabu, na mimi nikakufanyia vivyo hivyo."

"Na kochi je?"

"Kochi zima kabisa. Ila kila nikilikalia naona kama nimeazima cha mtu. Si langu, ni la mjomba."

Maneno hayo yalimwingia. Miaka yote alidhani anawasitiri watu. Akajifuta macho kwa kiganja.

"Mia na ishirini na moja," akasema. "Mimi, si shemeji."

Fundi hakushtuka wala hakutoa pole. "Hapo sasa tunaweza kuongea. Mimi nimekupita kilo, na ile nyeusi pale napanda kila siku." Akairudisha nyekundu ndani, akatoa nyingine ya chuma, isiyo na bomba la juu ili mguu upite bila taabu. Akamfumia magurudumu upya kwa spoki nene, akatia matairi mapana, akajaribu breki mara mbili. "Tairi lisikose upepo. Na baada ya wiki uje nikaze spoki, mpya hulegea."

"Na keria hii ya nyuma ya nini? Itoe," akasema Mama Makochi.

"Iache. Hiyo inabeba gunia."

Kiti, Mama Makochi alikibonyeza kwa dole gumba, akakunja uso. "Laini mno. Mtu atazama, halafu akalie chuma." Akaondoka nacho, akakishona upya kwa sponji ngumu na kipande cha kitambaa cha makochi chenye maua.

Jioni ya mwisho kabla ya safari, binti aliposimama mlangoni, hakusikia habari za magoti. Walitoka wote wawili, kila mmoja na baiskeli yake. Jirani akapaza sauti toka dirishani: "Mama Makochi, baiskeli itakuomba maji hiyo!"

"Ikiomba nitaipa!"

Wakapita kijiweni. Vijana wa sasa walikuwa wameinamia simu, hakuna hata aliyeinua kichwa. Bwawani wakasimama, mama akihema, jasho linamtiririka. Pumzi iliporudi akauliza, macho yake majini.

"Siku ile ulipotaka kushuka. Ulinionea haya, mwanangu?"

Binti hakuelewa kwanza. Kisha akakumbuka, na uso wake ukawa wa mtoto mdogo.

"Haya? Mama! Walisema baiskeli inalia. Nilidhani inalia kwa ajili yangu. Nilidhani mimi ndiye mzito. Nikasema nikishuka utapata nafuu. Halafu hukupanda tena. Nikajua nimekuharibia."

Mama Makochi alimkumbatia, akalia waziwazi bila kumjali mpita njia. Miaka yote ile kila mmoja alibeba uzito wa mwenzake, na hakuna aliyeuliza. Alipotulia, akaifunga baiskeli ya binti kwenye nguzo, akashika usukani wa yake.

"Panda nyuma."

"Mama, nimekua. Nina kilo zangu sasa."

"Nimesema panda."

Binti akapanda, akashika kiuno cha mamake kwa mikono yote miwili. Mama alipoanza kukanyaga kuzunguka bwawa, baiskeli ikalia.

"Acha ilie," mama akasema. "Hakuna anayeshuka."